Matayarisho ya Chumba cha Kompyuta kwa Masomo ya Linux Kisiwani Pemba

Mtu akiulizwa ni kitu gani kinachohitajika ili vijana wa Pemba wafundishwe kuandika programu katika mfumo wa Linux, aghalabu hujibu kwamba ni kompyuta na mwalimu; na jibu hilo, ijapokuwa ni la kweli, huliacha nje jambo lililo baina ya hayo mawili, nalo ni matayarisho, yaani ile kazi ya kabla ya somo la kwanza, ambayo ikifanywa vyema hakuna mwanafunzi anayeitambua, na ikifanywa kwa pupa humfanya mwalimu amalize muhula akishughulika na mashine ilhali wanafunzi wamekaa wanamtazama. Makala haya yanaichungua kazi hiyo kwa mujibu wa hali ya kisiwa chetu, na rai yake ni moja: chumba cha kompyuta cha Pemba kitayarishwe kiwe kinajitosheleza, hata kila kitu ambacho somo linakihitaji kiwemo ndani ya kuta zake, na chochote kitokacho nje, kikiwa ni umeme wa bara, au intaneti, au fundi wa kutoka Unguja, kihesabiwe kuwa ni neema kinapokuja, wala kisiwe sharti la somo kuendelea.

Awali ifahamike kwa nini ni Linux. Mnamo Septemba 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza azma ya kutunga mfumo mzima wa kompyuta, akauita GNU, ambao kila mtu angekuwa na ruhusa ya kuutumia, kuuchungua, kuurekebisha na kuugawa; na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika kiini, ndicho Linux yenyewe, ambacho mfumo huo ulikuwa bado haujakipata, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya Stallman inayotoa ruhusa hizo hizo. Kwa kukutana kazi hizo mbili ukapatikana mfumo ambao, tangu orodha ya Novemba 2017, ndio unaoendesha kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa nguvu, na ambao kiini chake kimo katika kila simu ya Android inayouzwa madukani Chake Chake. Kijana wa Wete anayejifunza kuandika programu katika Linux anakishika, basi, chombo kile kile kinachoshikwa na mhandisi wa Bangalore au wa Berlin, na tena anakishika kikiwa wazi, hata akitaka kujua amri aliyoiandika sasa hivi imetungwa vipi anaweza kuyafungua maandishi yake akayasoma mstari kwa mstari, idhini ambayo mifumo ya kununuliwa haimpi. Wanaouona mfumo huu kuwa ni wa skuli zisizo na fedha wamelitazama jambo kwa upande wake mdogo.

Tuje kwenye umeme, kwani ndio mwanzo wa kila hesabu. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wa takriban kilomita 50, na kwa miaka mingi umeme wake ulikuwa wa majenereta ya dizeli, mpaka ulipofika mwaka 2010 ukalazwa waya wa chini ya bahari kutoka Pangani mkoani Tanga, wa kilovolti 33 na urefu wa kilomita takriban 78, kwa msaada wa serikali ya Norway. Waya huo umekibadilisha kisiwa, na hakuna mwenye insafu atakayeukana wema wake. Walakini anayetayarisha chumba cha masomo hana budi kukumbuka kwamba ni waya mmoja, na kwamba ndugu zetu wa Unguja, waliokuwa nao wakitegemea waya mmoja, walikaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na kisha kiasi cha miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Fauka ya misiba hiyo mikubwa kuna ule usumbufu wa kila wiki, umeme kukatika kwa saa moja na kurudi kwa kishindo. Na fundi yeyote atakwambia kwamba kompyuta nyingi hazifi umeme unapoondoka, hufa unaporudi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na inafaa ifanywe kabla ya kupokea msaada wowote. Kompyuta ya mezani ya zamani, pamoja na kioo chake cha bomba, hula kiasi cha wati 150, kwa hivyo kompyuta 20 za namna hiyo zinahitaji wati 3,000, mzigo ambao hakuna betri ya bei ya skuli itakayoubeba kwa kipindi kizima. Ambapo kompyuta mpakato, au kile kikompyuta cha Raspberry Pi kilichotokea mwaka 2012, kikifungwa pamoja na kioo chembamba, hakizidi sana wati 30, na 20 za aina hii hufanya wati 600, ambazo sola na betri za kiasi zinaziweza. Huko Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential lilipita njia hii katika skuli za sekondari, likaweka kompyuta ndogo za Linux zinazokwenda kwa jua, na pamoja nazo ile hazina ya masomo iitwayo RACHEL inayosomwa bila intaneti. Kwa kompyuta mpakato kuna faida ya ziada, nayo ni betri iliyomo ndani yake: ikiwa bado ina uhai wa nusu saa tu, umeme ukikatika mwanafunzi ana wasaa wa kuhifadhi kazi yake na kuizima mashine kwa utaratibu.

Mintarafu ya kuchagua mashine zenyewe, liko kosa linalofanywa na watu wenye nia njema, nalo ni kudhani kwamba Linux hufufua kompyuta yoyote. Zamani dhana hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Leo ina mpaka wake. Ubuntu, mmoja wa mikusanyiko ya Linux, iliacha kutoa kisakinishi cha mashine za biti 32 tangu mwaka 2017, na Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kuwa mama wa mikusanyiko mingi ya Linux, nayo imekiacha katika toleo lake la 13 lililotoka Agosti 2025. Mashine isiyokuwa ya biti 64, basi, isipokelewe kwa ajili ya somo hili, hata ikitolewa bure, kwa sababu itaingia chumbani ilhali mlango wa marekebisho ya usalama na programu mpya unafungwa mbele yake. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 yatosha kwa kazi ya kuandika programu ikiwa sura ya mezani iliyochaguliwa ni nyepesi, mathalan Xfce. Na ikiwa ipo fedha ya kurekebisha jambo moja tu katika kompyuta kuukuu, jambo hilo na liwe kuitoa diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD, hata ikiwa ndogo ya gigabaiti 120, kwani hakuna rekebisho jingine ambalo mwanafunzi ataliona kwa macho yake kama hilo.

Sasa nataka kusimama kidogo kwenye kijambo ambacho watayarishaji wengi hukipita mbio, nacho ni saa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna kibetri cha duara, CR2032, kinachoishikilia saa wakati mashine imezimwa, na kompyuta zilizotumika miaka minane au kumi ughaibuni kabla ya kuletwa kwetu aghalabu hufika kibetri hicho kikiwa kimekwisha. Penye intaneti ya kudumu aibu hiyo hufichika, maana mashine huuliza saa kutoka mbali na kujisahihisha. Pasipo na intaneti hujidhihirisha kwa namna ambazo mwalimu mgeni wa kazi hawezi kuzikisia. Katika somo la lugha ya C mwanafunzi hutumia amri ya make, ambayo huiangalia tarehe iliyo juu ya faili la maandishi na tarehe iliyo juu ya programu iliyotokana nalo, na ikiona kwamba maandishi ni ya zamani kuliko programu huamua kuwa hakuna jipya la kutenda. Kompyuta iliyopoteza saa usiku, na asubuhi ikaamini kwamba ni Januari 2010, huipiga tarehe hiyo juu ya kila kinachoandikwa leo; mwanafunzi akalisahihisha kosa lake, akalisahihisha tena, na programu ikabaki na kosa la jana, mpaka akaamini kwamba somo hili limemshinda, ilhali kilichoshindwa ni kibetri cha bei ya soda. Kwa sababu hiyo hiyo kivinjari hukataa kurasa za salama, na kile chombo cha kusakinisha programu huikataa hazina ya programu kwa hoja kwamba hati yake ni ya wakati ambao haujafika. Dawa ni mbili, na zote zitumike: vibetri vyote vibadilishwe siku ya kwanza bila kupima kipi kizima, na kompyuta moja chumbani ifanywe mtunza saa wa wenziwe. Wanaochagua Raspberry Pi wajue kwamba matoleo yake yaliyotangulia la 5 hayana saa ya ndani kabisa, na hilo la 5, ijapokuwa linayo, kibetri chake hununuliwa peke yake.

Linafuata suala lililojadiliwa na wataalamu kwa miaka mingi: je, chumba kiwe na kompyuta moja kubwa inayozihudumia nyingine zote, au kila kompyuta isimame kwa miguu yake? Njia ya kwanza ina mfumo wake mashuhuri, LTSP, ulioanza mwaka 1999, ambao kwa huo kompyuta zisizo na diski huamka kwa kupitia waya wa mtandao na kupokea kila kitu kutoka kwenye seva. Afrika imeujaribu kwa upana: vyumba vya tuXlab vya Afrika ya Kusini viliujenga katika skuli nyingi, na SchoolNet ya Namibia nayo ilizipelekea skuli kompyuta za Linux za namna hiyo mpaka pembezoni mwa nchi. Manufaa yake ni dhahiri, kwani mwalimu husakinisha mara moja na kurekebisha mara moja, na kompyuta dhaifu hupata kazi. Na katika sura yake mpya iliyoandikwa mwaka 2019 kazi ya kufikiri hufanywa na kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, seva ikabaki na kazi ya kugawa. Walakini kwa somo la kuandika programu, na kwa Pemba, mimi naegemea upande wa pili. Seva ikifa, chumba kizima kimekufa. Swichi ya mtandao ikipigwa na umeme, kadhalika. Na kipuri cha seva hakipatikani Mkoani wala Konde, husubiri meli. Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa programu si kama karani wa kuandika barua: siku moja ataandika mzunguko usio na mwisho, au programu inayojizaa mara mbili mbili, na katika seva ya zamani iliyobeba kazi za wote, kosa lake moja la kawaida la kujifunza litawasimamisha wenziwe 19, isipokuwa mwalimu awe ameweka mipaka ya matumizi kwa kila akaunti.

Kwa hivyo shauri langu ni kila kompyuta iwe na diski yake na mfumo wake kamili, na zote ziwe nakala za moja. Mwalimu husakinisha kompyuta ya kwanza kwa uangalifu, kwa siku nyingi kama itabidi, akaijaribu kwa kulifanya yeye mwenyewe kila zoezi la muhula kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, akiwa ameuchomoa waya wa intaneti. Na kila kitakachokosekana katika jaribio hilo ndicho kinachopungua katika matayarisho. Ikishatimia huchukua picha ya diski yake kwa Clonezilla, chombo cha bure kilichotungwa Taiwan, na kuimwaga picha hiyo katika kompyuta nyingine moja baada ya moja. Hili la kuchomoa waya nalisisitiza kuliko yote, maana programu nyingi za siku hizi hujifanya zimo ndani ya kompyuta ilhali nusu yake iko ng'ambo, na siri hiyo haifichuki mpaka mtandao uondoke.

Chombo kinachong'oa nanga Wete kwenda Tanga hubeba maji yake ya kunywa, na chumba hiki nacho kibebe hazina yake. Debian ina vifurushi zaidi ya 60,000, na sehemu inayohusu mashine za biti 64 inaingia katika diski moja ya nje inayobebeka mfukoni, ikanakiliwa mahali penye mtandao mzuri na kuletwa chumbani kama vinavyoletwa vitabu. Wekeni kompaila ya GCC, Python, Git, na mhariri mwepesi kama Geany. Na kwa wanaoanza kabisa wekeni Thonny, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia, ambayo humwonyesha mwanafunzi programu yake ikitenda hatua kwa hatua na thamani zake zikibadilika mbele ya macho yake. Wekeni maelezo ya lugha hizo yote kamili, na kurasa za man, yaani maelezo ya amri za Linux, ambazo mwanafunzi afundishwe kuzisoma tangu wiki ya kwanza. Na kwa Kiwix, programu ya kusomea kurasa bila intaneti, yaweza kuwekwa hata Wikipedia ya Kiingereza nzima na picha zake, inayochukua takriban gigabaiti 100, pamoja na ile ya Kiswahili ambayo ni ndogo zaidi. Chumba chenye hazina hii kinaweza kukaa muhula bila intaneti na somo lisipungue kitu cha maana.

Juu ya akaunti na mamlaka, rai hutafautiana. Wako wanaofunga kila kitu, mwanafunzi asiguse ila faili lake. Na wako wanaowapa wote nywila ya msimamizi. Mimi nashika njia ya kati: kila mwanafunzi awe na akaunti yake na nywila yake, hata kama watatu wanatumia kompyuta moja kwa zamu, kwani kazi ya mtu ni mali yake. Lakini anayesomea Linux asipowahi kuuvunja mfumo na kuujenga upya atatoka akiwa abiria. Zitengwe, basi, kompyuta mbili za kuvunjwa, mwanafunzi awe na mamlaka yote juu yake, afute asichopaswa kufuta, na kabla ya kuondoka airudishe mwenyewe ile picha ya Clonezilla, kazi ambayo kwenye SSD haimalizi saa moja.

Hewa ya bahari haihitaji maneno mengi kwa msomaji wa Pemba, anayejua bati na msumari huishia vipi. Unyevu wa masika na chumvi hula miguu ya kumbukumbu na soketi, na kompyuta iliyofungiwa likizo nzima huharibika mapema kuliko ile inayowashwa kila wiki, kwa kuwa joto lake hukausha unyevu. Madirisha yatiwe wavu, mijusi isiingie katika visanduku vya umeme, meza ziwe mbali na ukuta unaovuja, na waya wa ardhi ufungwe kweli kweli, usiwe wa mapambo.

Lugha nayo ina haki ya kutajwa. Kijana wetu husoma sekondari kwa Kiingereza na kufikiri kwa Kiswahili, na kompaila humkemea kwa Kiingereza kigumu hata kwa Mwingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba jambo hili linawezekana pale penye watu walioazimia. Kwa somo letu inatosha, kwa kuanzia, mwalimu aandike maelezo ya Kiswahili ya makosa 40 au 50 yanayotokea mara kwa mara, na kuyaweka katika kila kompyuta na ukutani.

Limebaki la watu, na hili ndilo linalovunja vyumba vingi kuliko radi. Chumba hutayarishwa na mgeni hodari, naye akapanda boti akarudi kwao; au hutayarishwa na mwalimu kijana mwenye bidii, naye akahamishwa, akaondoka na nywila kichwani. Ni wajibu, basi, pawe na daftari la karatasi, lisilohitaji umeme kulisoma, lenye kila kompyuta kwa nambari yake, kilichosakinishwa, kilichoharibika na kilichobadilishwa, na namna ya kurudisha picha ya diski kwa maneno ambayo mtu asiyemjua mwandishi ataweza kuyafuata. Na nywila ya msimamizi iwekwe kwa mwalimu mkuu katika bahasha iliyofungwa. Tena wafundishwe walimu wawili au watatu kwa kila skuli, na wafundishwe hapa hapa, katika vituo vya walimu kama Michakaini na Mitiulaya, wakizisakinisha kompyuta kwa mikono yao, kwa sababu aliyeitazama kazi hii ikifanywa hajui kuifanya. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ikilichukua jambo hili, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilicho na kampasi yake Mchangamdogo kikatoa wanafunzi wake kusaidia, gharama yake itakuwa ndogo kuliko bei ya kompyuta kumi mpya.

Nawaomba kwa dhati ndugu zetu walioko Maskati, Dubai na London, ambao kila mwaka hukusanya kompyuta na kuzipeleka nyumbani. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, maofisi mengi huko mliko yanatupa kompyuta zilizo nzima kabisa kwa sababu tu haziwezi kupokea Windows 11, na hizo ndizo tunazozitaka: za biti 64, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, za aina moja zote ili picha moja ya diski izitoshe na moja iliyokufa itoe vipuri kwa nyingine, kila moja na chaja yake. Leteni 20 zinazofanana, msilete 60 za kila namna. Na nafasi itakayobaki katika sanduku ijazeni diski za SSD, vibetri vya CR2032, na diski moja ya nje iliyokwisha kujazwa hazina ya Debian.